Ordinatere ya michezo na makelele yake: namna ya kuchagua vantilateri isiyosumbua nyumba

Saa nne za usiku, katika kata za Goma ambako nyumba nyingi ni za mbao, ordinatere moja ya michezo inatosha kusumbua nyumba mbili. Kijana anavaa kaske, anafungua mchezo, na kisha dakika kumi kasha inaanza kuvuma sawa vile grupe iliyo mbali. Yeye mwenyewe hasikii kitu, juu kaske imefunika masikio. Lakini mdogo wake anayelala upande wa pili wa ubao anasikia, mama anasikia, na jirani vilevile. Ku Bukavu, Butembo, Bunia na Uvira mambo ni yale yale.

Mara mingi watu wanakimbilia njia mbili: kuacha ubavu wa kasha wazi, ao kwenda sokoni kununua vantilateri zenye taa za rangi. Ya kwanza inaingiza vumbi. Ya pili mara nyingine inaongeza makelele. Wengine wanachomoa vantilateri moja kusudi kelele iishe, na hapo ndipo hasara inaanza: joto linapanda, mashini inapunguza mwendo wake yenyewe, mchezo unakwama-kwama, na siku moja inazimika katikati ya kazi. Na ordinatere ya michezo ndiyo ile ile vijana wengi wanatumia kwa kupanga video, kutengeneza muziki ao kuandika kazi ya shule. Ikikufa, siyo mchezo peke yake unaopotea.

Jambo kubwa la kushika ni moja: ukimya hautoki kwa vantilateri ya bei kali. Unatoka kwa vantilateri pana, inayozunguka polepole, kwenye njia ya hewa iliyo wazi.

Kwanza kujua kelele inatoka wapi

Ndani ya kasha kuna vantilateri za aina ine: ya prosesere, za karte grafike, ya alimantasio (ile sanduku inayogawa umeme), na za kasha yenyewe. Watu wengi wananunua vantilateri mpya za kasha, kumbe kelele ilikuwa inatoka kwa karte grafike.

Kuna njia rahisi ya kujua. Mashini inazimwa kabisa na waya wa umeme unachomolewa. Kisha fishi za vantilateri za kasha zinachomolewa ku karte mere, ile bamba kubwa inayobeba vyote. Mashini inawashwa dakika mbili ao tatu, bila kufungua mchezo. Kama kumenyamaza, vantilateri za kasha ndizo zenye makosa. Kama kelele iko vilevile, kununua zingine hakutasaidia kitu.

Kelele inayokuja tu wakati mchezo umefunguliwa karibu kila mara ni ya karte grafike ao ya prosesere. Hata hapo vantilateri za kasha ziko na kazi: zikileta hewa baridi ya kutosha, karte grafike haitalazimika kukimbiza zake.

Aina ya sauti nayo inasema. Mvumo wa upepo ni mwendo mkali. Mlio wa "trrr" ni rulema iliyochoka, ao waya unaogusa mabawa. Kasha ikitetemeka yote, visi zimelegea. Kufunga waya mbali na mabawa na kukaza visi hakuombi hata franka moja. Lakini alimantasio isifunguliwe na mtu asiye fundi: ndani yake umeme hatari unaweza kubaki hata kisha kuchomoa waya.

Pana na polepole

Vantilateri za kasha zinapimwa kwa milimita, ubavu mpaka ubavu. Zile za 80 na 92 ziko ndani ya mashini ndogo na za zamani. Za 120 ndizo nyingi zaidi. Za 140 zinaingia ndani ya kasha kubwa, na kuna kasha chache zinazobeba mpaka za 200.

Vantilateri ya 120 iko na eneo karibu mara mbili na robo ya ile ya 80. Kwa hiyo kusudi isukume hewa ile ile, ile ndogo inapaswa kukimbia zaidi, na kukimbia ndiko kunaleta kelele. Ile ya 140 inazidi ya 120 kwa karibu asilimia 36 ya eneo.

Mwendo unaandikwa ku karton kwa alama RPM, ni kusema mizunguko kwa dakika. Vantilateri ikipunguzwa mwendo kwa nusu, hewa inapungua karibu nusu, lakini kelele inashuka kwa karibu desibeli 15, na umeme inaokula unashuka mpaka karibu sehemu moja ya nane. Kwa sikio la mtu, kushuka desibeli 10 kunasikika sawa vile kelele imepungua nusu. Kwa upande mwingine, kuongeza vantilateri ya pili ya namna moja kunaongeza desibeli 3 tu. Ndiyo maana vantilateri mbili zinazotembea polepole zinashinda moja inayokimbia: hewa ni ile ile, kelele ni kidogo.

Kwa mashini ya nyumbani, vantilateri ya 120 inayozunguka kati ya 600 na 1000 kwa dakika inasikika kidogo sana. Ikipita 1200 inaanza kujulisha kama iko. Ikifika 1800 kila mtu chumbani anajua.

Kupima mbele ya kununua

Karton ikisema 120, haimaanishi matundu ya visi yako umbali wa milimita 120. Kwa vantilateri ya 120, kutoka katikati ya tundu moja mpaka katikati ya tundu lingine ni milimita 105. Kwa ya 140, mara mingi ni 124,5. Unene wa kawaida ni milimita 25. Rula ya mwanafunzi inatosha kwa kupima, na ni muzuri kupima vilevile nafasi iliyobaki kati ya ukuta wa kasha na karte grafike.

Kama kasha inakubali 120 na 140 pahali pamoja, ya 140 ndiyo muzuri kwa mwenye kutafuta ukimya.

Hewa nyingi ao nguvu ya kusukuma

Vantilateri zote hazifanye kazi ya namna moja. Zingine zinapitisha hewa nyingi pahali pa wazi, lakini zikikuta kizuizi zinachoka. Zingine ziko na mabawa mapana, yenye nafasi ndogo katikati, na zinasukuma hewa hata kama njia ni nyembamba.

Pahali nyuma ya kasha, ambako hewa inatoka bila kizuizi, ya kwanza inatosha. Mbele ya kasha, ambako kuna chujio la vumbi ao uso uliofungwa kwa kioo, ile yenye nguvu ya kusukuma ndiyo inafaa. Nguvu hiyo inaandikwa kwa alama mmH₂O. Vantilateri ya 120 inayofikia 2 ao zaidi iko na nguvu ya kutosha kwa kupita chujio.

Kasha yenyewe inahesabika pia. Uso wa mbele wenye matundu mengi unaruhusu hewa kuingia bila kukimbiza vantilateri. Uso wa kioo wenye nafasi nyembamba pembeni unalazimisha vantilateri kuvuta kwa nguvu, na hata ile ya bei kali itapiga makelele.

Rulema: pahali ambapo uzee unaanzia

Fundi wa piki-piki anajua: rulema ikikauka, gurudumu linalia. Vantilateri ni vilevile.

Zile za bei ya chini zinazunguka juu ya bomba dogo lenye mafuta. Zikiwa mpya zinanyamaza, lakini joto linakausha mafuta, na zinachoka haraka zaidi zikifungwa kwa kulala, kama vile juu ya kasha. Zile za rulema zenye vidonge vya chuma zinadumu na zinavumilia joto, lakini mlio wao unasikika zaidi pahali penye utulivu. Aina ya tatu inazunguka juu ya tabaka la mafuta lililofungwa vizuri ndani. Ku karton mara mingi imeandikwa FDB ao jina linalokaribia hilo. Hiyo inanyamaza na inadumu, na kwa chumba cha kulala ndiyo ya kutafuta.

Waya 3 ao waya 4

Hili ni jambo ambalo wauzaji wengi hawaelezi. Vantilateri ya waya 3 inapata umeme wa volti 12 na inajulisha karte mere mwendo wake. Kuipunguza ni kwa kushusha volti tu, na karte mere zingine hazijui kufanya hivyo. Hapo inakimbia mwendo wake wote, mchana na usiku. Vantilateri ya waya 4 iko na waya mmoja zaidi wa kupokea amri, na karte mere inaweza kuiambia itembee asilimia 30 ao 100 kufuatana na joto. Alama yake ni PWM.

Fishi zinaingiliana: ya waya 4 inaingia pahali pa 3, na ya 3 inaingia pahali pa 4. Lakini fishi kubwa zinazochukua umeme moja kwa moja ku alimantasio hazipokee amri yoyote. Vantilateri nyingi zenye taa za rangi, zile zinazouzwa kwa pakiti na telekomande ndogo, ziko hivyo: rangi inabadilika, mwendo haubadiliki. Mwenye kutafuta ukimya aulize waya mbele ya kuuliza rangi.

Vilevile kila pahali pa fishi ku karte mere mara mingi panabeba ampere 1 tu. Vantilateri ya kawaida inakula kati ya 0,1 na 0,3. Mbili ao tatu zinaweza kugawana fishi moja kwa waya wa kugawanya, lakini mbele ya kufanya hivyo ni lazima kujumlisha namba zilizoandikwa katikati ya vantilateri.

Namba hizo zinasaidia pia sokoni. Vantilateri ya 12 V na 0,15 A kwa kawaida ni ya mwendo wa polepole. Ile yenye kuandikwa 1 A ao zaidi, nene kupita milimita 25, mara mingi imetoka ndani ya mashini kubwa za seva. Inapuliza kwa nguvu, lakini nyumbani haivumiliki.

Namba za ku karton na namna ya kuzisoma

Desibeli zinazoandikwa na kiwanda zinapimwa ndani ya chumba maalum, vantilateri ikiwa peke yake, bila chujio wala kasha. Kila kiwanda kinapima kwa namna yake. Kwa hiyo kulinganisha namba za viwanda viwili kunaweza kudanganya. Karton ikiahidi hewa nyingi sana na desibeli kidogo sana kwa bei ya chini, mnunuzi afunge mfuko wake kwanza.

Mfano wa namba zinazosimama: Noctua NF-A12x25 ya kampuni ya Austria, iliyotoka 2018, inafika 2000 kwa dakika, na kiwanda kinaandika desibeli 22,6 na hewa ya meta kibe 102 kwa saa. Inajulikana kwa rangi yake ya kahawia na ya mchanga, na iko na garanti ya miaka 6. Upande wa bei ya chini kuna Arctic P12, inayotembea mpaka 1800, ambayo inauzwa pia kwa pakiti ya 5. Ku maduka ya Ulaya, pakiti hiyo mara mingi inakaribia bei ya Noctua moja. Kwa mtu ambaye kasha yake haina hata vantilateri moja nzima, pakiti ya 5 za PWM zilizopunguzwa mwendo itamfaa kuliko moja ya kujivunia.

Ngapi, na ziangalie wapi

Kwa mashini nyingi, tatu zinatosha: mbili mbele za kuingiza hewa, moja nyuma ya kutoa. Hewa yenye joto inapanda, kwa hiyo mbele na chini ni pa kuingiza, nyuma na juu ni pa kutoa. Kujua upande: hewa inatokea upande wenye mikono inayoshika katikati, pale penye karatasi ya jina. Vantilateri nyingi ziko pia na mishale pembeni. Kufunga moja kwa kinyume ni kosa la kila siku, na kunafanya hewa izunguke ndani bila kutoka.

Kwa miji yetu yenye vumbi, hesabu ya mbili kwa moja iko na faida ya pili. Hewa inayoingizwa ikizidi ile inayotolewa, ya ziada inatokea kwenye nafasi ndogo za kasha, na vumbi halipati njia ya kuingilia pale. Inaingia tu kwa kupitia chujio. Bila chujio, kipande cha soksi ndefu ya nailoni ya wanawake, kilichovutwa vizuri mbele ya tundu, kinashika vumbi. Lakini kinazuia hewa pia, kwa hiyo kinaomba kuoshwa kila baada ya wiki chache.

Vumbi na mwinuko

Ku Goma, vumbi nyeusi ya mawe ya volkano inaingia kila pahali. Ku Butembo na Bunia ni vumbi nyekundu ya barabara wakati wa kiangazi. Likifunika mabawa na chuma ya kupoza, mashini inapata joto, vantilateri zinaongeza mwendo, na kelele inarudi hata kama ni mpya. Mbele ya kununua kitu, kusafisha ndiyo dawa ya kwanza.

Mashini inazimwa na kupelekwa inje, vumbi linatolewa kwa burashi laini ya rangi na kipulizio. Mabawa yanashikwa kwa kidole kusudi yasizunguke: upepo wa kipulizio unaweza kuyakimbiza kupita kipimo na kuharibu rulema. Kitambaa chenye maji hakiguse karte mere. Kama mashini imepita miaka mingi, fundi abadilishe pia ile dawa inayopakwa kati ya prosesere na chuma yake, juu inakauka.

Mwinuko nao uko na neno. Goma na Bukavu ziko karibu meta 1500 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Vantilateri inasukuma kiasi kile kile cha hewa, lakini hewa hiyo inabeba joto kidogo zaidi ya vile karton inaahidi. Bahati ni kwamba hali ya hewa ya huko ni ya baridi. Uvira, chini ku ziwa Tanganyika, iko kinyume: hewa ni nzito zaidi, lakini chumba chenyewe kiko na joto. Pande zote mbili, ni vizuri kuacha nafasi: kuchukua vantilateri moja zaidi na kuitembeza polepole.

Kurekebisha mwendo bila kununua

Vantilateri za waya 4 zikiisha kufungwa, kazi haijaisha. Karte mere nyingi zinaletwa na mpango unaokimbiza vantilateri mapema. Mtu akibonyeza Delete ao F2 wakati mashini inawaka, anaingia pahali pa kupanga. Mpango wa kuanzia unaweza kuwa huu: chini ya digri 50, asilimia 35, ku digri 65, asilimia 50, ku digri 75, asilimia 70, ku digri 85, asilimia 100. Kama kuna pahali pa kuchelewesha, sekunde 3 mpaka 5 zinazuia vantilateri kupanda na kushuka kila dakika, jambo linalosumbua usingizi kuliko mvumo wa namna moja.

Vantilateri za kasha mara mingi zinafuata joto la prosesere, hata kama mchezo unachomesha karte grafike. Kwa Windows, programu ya bure inayoitwa Fan Control inaweza kuzifunga kwa joto la karte grafike. Kisha kupanga, mchezo uchezwe dakika 30 na joto liangaliwe. Prosesere ikikaa chini ya digri 80 na karte grafike karibu na 75, kuna nafasi ya kupunguza mwendo tena. Zikikaribia 90, ukimya umezidi kipimo.

Mashini za ofisi za okazio

Ordinatere nyingi za michezo katika miji yetu zilikuwa za ofisi: zimefika kama okazio, zikaongezewa karte grafike. Hizo zinaomba uangalifu. Zingine ziko na fishi za kiwanda chao ambazo vantilateri za sokoni haziingii bila waya wa kubadilisha. Zingine, zikikosa vantilateri ya asili, zinaonyesha ujumbe wa kosa kila asubuhi na kungoja mtu abonyeze kitufe. Na kasha zao mara mingi ziko na nafasi ya vantilateri moja tu, ya 80 ao 92. Kwa mashini kama hiyo, mnunuzi apige picha ya fishi ya zamani na kwenda nayo sokoni.

Mbele ya kutoa feza

Mnunuzi aombe vantilateri iwashwe palepale dukani. Aisikilize karibu na sikio, ikiwa imesimama, kisha ikiwa imelala. Mlio wa "tik-tik", ao katikati yenye kucheza-cheza, ni alama ya kuirudisha. Ahesabu waya, asome ampere, apime urefu wa waya kama utafika ku karte mere, na aulize kama akiirudisha kesho watamkubalia.

Nyumbani, kasha isiwekwe ndani ya kabati ao nyuma yake kugusa ukuta; upana wa kiganja kimoja na nusu unatosha kwa hewa kutoka. Na kama inakaa juu ya meza ya mbao, meza yenyewe inaweza kuimba. Vipande vine vya sandali ya mpira iliyochakaa chini ya miguu ya kasha, bila kuziba matundu ya chini, vinanyamazisha mtetemo ambao hata vantilateri ya Austria isingeuondoa.